Chombo Kikongwe, Mwenye Chombo Mpya

Wewe unayeamka saa nane za usiku kwenda kuvuta nyavu za mtu mwingine, makala haya nimekuandikia wewe. Unajua mwamba upi una changu na upi una chewa. Unajua vibua wanapita lini na pweza anajificha wapi. Kusi imekupiga, jua la kaskazi limekuchoma mgongo, na kesho utarudi majini vilevile. Kazi unaijua kuliko wengi wanaoipangia mipango ofisini. Umepungukiwa kitu kimoja tu: chombo chako mwenyewe.

Nataka uyamalize makala haya ukiwa na uamuzi. Acha kuisubiri boti mpya ambayo bei yake hupanda kila unapoikaribia. Kitazame kile chombo kikongwe kilichoegeshwa chini ya mivinje, ambacho mwenyewe ameishiwa nguvu za kwenda baharini, au watoto wake wamehamia mjini na hakuna wa kukirithi. Kikague kwa macho ya fundi, kinunue kwa akili ya mfanyabiashara, kisha kitunze. Njia ya kutoka kwenye ubaharia kwenda kwenye umiliki ipo, na inapita hapo.

Mafungu ya mnadani

Hesabu ya diko unaijua, lakini tuihesabu tena pamoja. Samaki wakishauzwa mnadani, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chambo na chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu. Chombo kina fungu lake. Mashine ina fungu lake. Nyavu zina fungu lake. Mabaharia nao wana lao, ambalo humegwa tena kwa idadi ya vichwa. Mgawo wa Tanga si wa Kilwa, na wa Nungwi si wa Shimoni, ila kila mahali kanuni ni hiyo: vifaa hulipwa, na mwenye vifaa huchukua mafungu ya vifaa vyote hata kama usiku ule alilala kitandani kwake.

Simlaumu tajiri. Aliweka fedha yake juu ya maji, na bahari ingeweza kuimeza wakati wowote. Anastahili fungu lake. Ninachokuomba ni umuige. Miaka yote uliyovuta kamba umejenga mikono na ujuzi. Ni wakati sasa ujuzi huo ubebe na mali. Siku utakayokuwa na dau dogo lako, hata kama tanga lina viraka na mashine huna, fungu la chombo litakuja nyumbani kwako pamoja na la baharia. Samaki walewale, mwamba uleule, usiku uleule, lakini mapato mawili.

Uzee wa chombo si ubovu wake

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mwambao wetu una vijana hodari waliokaa bure miaka na miaka kwa sababu wameapa kuanza na faiba mpya na mashine iliyofunguliwa kwenye boksi. Wakati wanasubiri, mashua nzuri inauzwa kijiji cha pili, inanunuliwa na mtu aliyethubutu.

Chombo cha mbao hakina umri mmoja. Mkuku waweza kuwa wa zamani, taruma zikawa za juzi, na mbao za tumboni zikawa zimebadilishwa msimu uliopita. Hivyo ndivyo pwani hii ilivyoishi na bahari tangu enzi za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Kamba zilipochoka, mafundi walizifungua, wakashona upya, na safari zikaendelea. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa Bahari ya Shamu, kilichoandikwa katika karne ya 1, tayari kinataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya kuvulia kwenye mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa karibu miaka 2,000, basi, watu wa hapa wamekuwa wakitengeneza na kurudia kutengeneza vyombo vyao. Ukienda leo Nungwi kule Unguja, au Matondoni kule Lamu, utawakuta mafundi wakichonga kwa tezo, wakipima ubao kwa jicho na kuukalisha mahali pake. Ujuzi huo ndio mtaji wako wa kwanza. Mahali penye fundi wa vyombo, chombo kikongwe kina kesho.

Kisha kumbuka kazi unayoitaka. Hutaki jahazi la kwenda Comoro. Unataka kuvua maji ya karibu, ndani ya mwamba na pembezoni mwake, mahali ambapo ukiinua macho unaiona minazi ya kijijini. Unataka kutoka alfajiri na kurudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Kwa kazi hiyo dau, mashua ndogo, ngalawa imara au boti fupi ya faiba inatosha kabisa, na vyombo vya aina hiyo huuzwa na kununuliwa pwani nzima.

Kikague bila haya

Hapa ndipo uhodari wako utakapojulikana. Ujasiri wa kununua bila kukagua ni kamari, nami sikualiki kwenye kamari. Nakualika kwenye kazi.

Siku ya ukaguzi ichague kwa mwezi. Nenda bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye mwambao wetu tofauti hiyo hupita mita 3. Chombo kikisogezwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, yakipwa kinabaki kikavu, nawe una saa kadhaa za kutambaa chini ya tumbo lake kabla maji hayajarudi. Muuzaji akikataa usilitazame tumbo la chombo, jibu amekwisha kukupa. Mshukuru, uondoke.

Usiende peke yako. Mchukue fundi ambaye si ndugu wa muuzaji na hana chake katika mauzo hayo, umlipe siku yake. Beba bisibisi nyembamba, nyundo ndogo na tochi.

Anza na mkuku. Simama omo, funga jicho moja, utazame mpaka tezi. Uwe umenyooka kama alivyouacha fundi. Mbao hubadilishwa, taruma hubadilishwa, mlingoti hukatwa mwingine, lakini mkuku uliooza au kupinda ni ujenzi mpya, na gharama yake itakula kila ulichookoa kwenye bei. Mkuku ukiwa mbovu, usishawishike na rangi mpya wala na maneno matamu.

Kisha choma kwa bisibisi kandokando ya mkuku, kwenye maungio ya fashini, na kwenye mbao za chini ambazo daima zimo majini. Huko kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huingia kwa kitundu kisichozidi kichwa cha pini, halafu hula handaki pana kwa ndani, hata ubao ukaonekana mzima kwa nje ilhali umebaki gamba. Gonga kwa nyundo usikilize. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu na mkali. Ulioliwa hujibu kwa sauti iliyofifia. Ndiyo maana wazee walichoma matumbo ya vyombo vyao kwa makuti makavu ili joto limuue mdudu, kisha wakapaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta. Muulize muuzaji chombo kilichomwa lini mara ya mwisho. Mwenye chombo aliyekitunza atakujibu hapohapo, tena atakutajia na fundi.

Usiishie chini. Wengi hawajui kwamba maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Chombo kilicholazwa ufukweni masika nzima bila kufunikwa huoza kuanzia juu: kwenye vichwa vya taruma, kwenye pembe za omo, na chini ya vibao vya kukalia ambako maji ya mvua hutuama. Mara nyingi chombo kizee kinachokwenda baharini kila siku kina afya kuliko kichanga kilichosahauliwa. Tazama pia misumari. Michirizi ya kutu inayotoka chini ya rangi inakuambia kwamba chuma kinakwisha na mti unaokizunguka unakufa nacho. Misumari michache hubadilishwa. Ikiwa tumbo zima linatoa kutu, hesabu yake ni nyingine.

Wala usikimbie kwa sababu umeona mwanga ukipita katikati ya mbao. Chombo kilichokaa juani hukauka, mbao zikasinyaa na mianya ikafunguka. Omba kiteremshwe majini. Kiache mbao zinywe maji na kuvimba siku moja au mbili, huku mkifua maji. Kisha fueni ngama ikauke kabisa, mkirudie baada ya maji kujaa na kupwa, mpime yaliyoingia. Kuvuja kunakopungua siku hadi siku kunatibika kwa pamba, mafuta ya sifa na mkono wa mkalafati hodari. Kuvuja kunakozidi kadiri unavyofua ni onyo, na chombo cha kuzama hakina usukani.

Kama unachotazama ni ngalawa, zingatia kwamba nyingi huchongwa katika gogo la mwembe, mti usiodumu kwa miaka mingi kama mbambakofi au mvule. Zikague nyufa za gogo, uyakague matengo na vifungo vyake, na bei uitaje kulingana na miaka iliyobaki.

Kama ni faiba, usidanganywe na mng'ao. Gonga ubavu mzima, na kila mahali sauti inapobadilika weka alama ya chaki. Huenda matabaka yameachana au maji yameingia kati yake. Nenda tezi, ushike mashine kwa mikono miwili, uitikise mbele na nyuma. Ubao wa tezi ukicheza au kupasuka kwenye kona, mbao iliyofichwa ndani ya faiba imeoza. Inatengenezeka, lakini gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla hujatoa hata shilingi.

Mashine ihesabiwe peke yake. Iguse kabla haijawashwa: ikiwa na joto, mtu ameipasha kabla hujafika ili iwake kirahisi. Itake iwake ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama maji ya kupoza yanayotoka ubavuni. Yatoke kwa nguvu bila kukatika. Fungua mafuta ya gia. Yakiwa meupe kama maziwa, maji ya bahari yameingia. Soma namba iliyochongwa kwenye mashine uilinganishe na iliyo kwenye risiti. Namba iliyokwanguliwa ni dalili ya mashine ya wizi, na mali ya wizi hurudi kwa mwenyewe ikakuacha wewe na kesi. Mashine isipokuridhisha, nunua chombo peke yake. Tanga na kasia vimelisha pwani hii kabla ya petroli kufika, na upepo haununuliwi.

Karatasi kabla ya fedha

Ndugu yangu, usione aibu kudai karatasi. Tanzania Bara uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016, na Zanzibar ina yake. Kote huko chombo cha kuvulia husajiliwa na kukatiwa leseni, na mvuvi naye hukata ya kwake. Kabla ya kulipa, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri au ya kaunti uulize kama jina la muuzaji ndilo lililo kwenye daftari. Usalama wa vyombo vidogo nao una mamlaka zake: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, na KMA kwa Kenya. Waulize kinachotakiwa kabla hawajakuuliza wao.

Pita pia kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha diko hilo. Wao wanajua kama chombo kina deni, kina ugomvi wa mirathi, au kiliwahi kukamatwa na baruti au kokoro. Ukinunua chombo chenye kesi, kesi umeinunua pia. Mkataba uandikwe, mashahidi wawe wa pande zote mbili, na jina libadilishwe kwenye usajili. Hapo hata mjukuu wa muuzaji hatakuja kukuambia dau lile lilikuwa la babu.

Fedha unayo zaidi ya unavyodhani

Kosa linaloua wamiliki wapya ni kumaliza fedha yote kwenye bei. Ulichonacho kigawe mafungu matatu: mawili ya kununulia, moja lisiguswe. Hilo la tatu ndilo la pamba, misumari, deheni, kamba, nanga na leseni. Kama bei inayala mafungu yote matatu, chombo hicho bado hujakifikia. Tafuta kidogo zaidi. Dau dogo linalokwenda baharini lina faida kuliko mashua kubwa iliyokwama ufukweni kwa kukosa kalafati.

Na kama fungu moja tu unalo? Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana. Watatu wenye akiba ndogo hununua chombo kimoja, kisha fungu la chombo likawanunulia cha pili. Andikeni mapema nani ana hisa ngapi, nani ni nahodha, na mtu akitaka kutoka atalipwaje. Jiungeni na kikoba au SACCOS. Tanzania Bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kikitimiza masharti, ni haki yenu kuomba. Nendeni na andiko linaloeleza chombo gani, bei gani, kitatengenezwa nini na kitarudisha fedha vipi. Kikundi chenye hesabu za mnada kwenye daftari kinasikilizwa kuliko kilichokuja na maneno matupu.

Nawe mama unayenunua samaki ufukweni na kuwakaanga, unayejua bei ya changu asubuhi na jioni, usiyaruke makala haya ukidhani ni ya wanaume. Wewe ndiye unayezungusha fedha diko zima. Chombo kilichosajiliwa kwa jina lako, chenye nahodha mwaminifu uliyemchagua mwenyewe, kitakuletea samaki bila kugombania bei na dalali.

Fungu la chombo lisiliwe

Ukishanunua, weka amri moja nyumbani: fungu la chombo ni la chombo. Kila mnada, kabla ya sukari na kabla ya harusi ya jirani, sehemu ya fungu hilo iingie kwenye kopo au simu ambayo haiguswi. Huko ndiko kutakakotoka kalafati ya msimu ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini ukuta wenyewe haujengeki.

Tumia kalenda ya upepo. Kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, pandisha chombo ufukweni kwa matengenezo makubwa au vua ndani ya ghuba. Kaskazi na majira ya tangambili, upepo unapogeuka, yakukute ukiwa tayari: tumbo limechomwa, deheni imekauka, kamba ni mpya. Mashine ioshwe kwa maji baridi kila urudipo, maana chumvi hailali.

Ujasiri wako usikufanye uidharau bahari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kwenye mwambao wa Tanzania, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Sikiliza tahadhari hizo kila siku. Kila kichwa chomboni kiwe na jaketi lake la kuokolea. Upo, kasia, nanga, tochi na maji ya kunywa visishuke chomboni hata kwa safari fupi. Nahodha mwenye chombo chake anabeba watoto wa watu, na heshima yake hupimwa kwa idadi anayorudi nayo.

Na uvue kwa halali. Mshipi, dema na nyavu zenye macho yanayoruhusiwa vinatosha kumtunza mtu mwenye chombo chake. Baruti huvunja mwamba ambao mwanao ataurithi pamoja na dau. Mwenye mali hulinda shamba lake, na sasa bahari hii ya mbele ya kijiji ni shamba lako.

Basi jipangie kazi leo. Juma hili fungua daftari, uandike ulichonacho na unachoweza kuweka kila mnada. Juma lijalo mwendee fundi umwambie unachotafuta; mafundi ndio wanaojua nani anataka kuuza kabla hata familia yake haijajua. Zungumza na wenzako wawili. Pita ofisi ya uvuvi uulize utaratibu. Bamvua litakalofuata, likukute chini ya tumbo la chombo na bisibisi mkononi. Kikiwa kibovu, kiache, ukatazame kingine bamvua la mbele yake. Kikiwa kizima, lipa, andika, badilisha jina, anza kuchoma na kukalafati.

Umevua kwa fungu la baharia muda wa kutosha. Mikono iliyowajengea wengine mali ni yako, na kazi inayofuata iwe ya nyumba yako. Katafute chombo, ukakitie jina lako.